Kipara Chini ya Mkrismasi

Siku ya nne baada ya kupandwa, ukoka mpya ulikuwa umelaliwa.

Helena alisimama na ndoo ya maji mkononi akaangalia. Vipando vingine vyote vilikuwa wima, vimejipanga kama wanafunzi mstarini. Ila kwenye kile kipande kirefu chini ya dirisha la mama vilikuwa vimebanwa kwenye udongo, kuanzia mahali pa kichwa mpaka mahali pa visigino. Akainama, akagusa. Udongo ulikuwa na joto. Jua lilikuwa bado halijapanda juu ya bati la jirani, kwa hiyo halikuwa joto la jua. Lilikuwa joto la godoro ambalo mtu ametoka kuamka sasa hivi.

“Mbwa,” akajisemea.

Mtaa wa Kawajense hauna mbwa wa futi sita, lakini Helena alikuwa amelala saa tatu tu, na mtu aliyelala saa tatu habishani na jibu lililo karibu. Akamwagilia, akarudi ndani kumgeuza mama.

Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yake, mzee Celestin, karani wa reli, mtu wa kwanza mtaani kupanda ukoka wakati majirani wanalima mahindi mpaka mlangoni. Walimcheka. Alipanda ukoka hata hivyo, na katikati yake akapanda mkrismasi, ili kila Desemba nyumba yake iwe na maua mekundu bila kumwomba mtu. Miaka thelathini baadaye baba hakuwepo na mkrismasi ulikuwepo. Mizizi yake ilikuwa imetoka juu kama mishipa ya mkono wa mzee, na ukoka ulikuwa umeshindwa, umeacha vipara vigumu kama tofali. Mzizi mmoja, mnene kama paja, ulikuwa umekatiza bustani yote, ukapita chini ya baraza, ukapasua sakafu, na sasa ulikuwa njiani kuelekea chumba cha mama.

Mama Immaculata alipata kiharusi mwezi wa tatu. Upande wa kushoto ulikufa, na sauti ikaenda nao. Helena, mwalimu wa kemia huko Morogoro, akachukua likizo bila malipo mpaka mwisho wa mwaka, kwa sababu kaka yake Danford alisema kwenye simu, “Kaa naye kwanza. Sisi huku tukishatulia, tutakuja kumchukua.” Danford alikuwa anatulia tangu mwezi wa tatu.

Raha moja tu ilikuwa imebaki kwa mama: jioni kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu juu ya ukoka mpaka kwenye mti, na kurudi. Mwezi wa kumi gurudumu likanasa kwenye ule mzizi, kiti kikapinduka, mama akaanguka kifudifudi. Helena alimwinua peke yake. Alipomaliza alikaa chini kwenye kipara, karibu na mama, akakaa hapo muda mrefu bila kufikiria chochote. Kesho yake akamwita Fabiani.

Fabiani alikuwa Mkonongo, mwenyeji wa huku, wa miaka hamsini na kitu, fundi wa bustani za nyumba za wageni pale mjini, mtu anayeongea na mimea kwa adabu kuliko anavyoongea na watu.

“Huu mzizi nikiukata karibu na shina, dada, mti utaangukia nyumba,” alisema. “Naukatia huku mbali, karibu na baraza, nautoa kipande. Hii midogo naiacha, naifunika udongo kidogo, kidogo tu, mti uweze kuhema. Matawi ya chini napunguza, jua lifike. Halafu hivi vipara navivunja kwa sululu, natia samadi, napanda. Krismasi mama anateleza humu kama yuko kwenye lami.”

Alifanya hivyo hivyo. Alichimba pande zote mbili za ule mzizi, akaukata kwa msumeno mara mbili, akautoa. Mtaro uliobaki ulikuwa na urefu wa mtu. Wote wawili waliliona hilo.

Kuujaza kulihitaji udongo mzuri, na Mpanda yote inajua udongo mzuri unatoka wapi. Fabiani akakodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, akaenda njia ya Kasekese, akarudi nacho kimejaa udongo wa kichuguu, mwekundu, laini kama unga. Alikuja pia na mawe matatu meusi, ya duara, kila moja kama kichwa cha mtoto. Akayapanga kwenye ukingo wa mtaro, upande wa dirisha.

“Pambo,” alisema.

“Umeyatoa wapi?”

“Yalikuwa juu ya kichuguu, dada. Ona yalivyofanana.”

Helena akaona yalivyofanana. Mtu mwenye digrii ya kemia angeweza kujiuliza mawe matatu yanayofanana hupandaje kichuguu, lakini ndani mama alikuwa amekojoa, na shuka safi lilikuwa bado bichi kwenye kamba.

Kufikia wiki ya pili bustani yote ilikuwa imeshika. Ukoka ulitambaa juu ya ile mizizi midogo, vipara vikaanza kufunga kama vidonda. Ule mtaro ukakataa. Fabiani alipanda upya mara mbili, akaongeza samadi, akamwagilia mwenyewe asubuhi na jioni. Kila asubuhi vipando vilikuwa vimelala chali, vimekuwa vya njano, na udongo una joto. Na palikuwa na harufu. Maziwa yaliyochacha, ngozi ya ng'ombe, moshi wa mavi makavu. Helena hakufuga hata kuku.

“Ni samadi yako,” alimwambia Fabiani.

“Samadi yangu ya mbuzi, dada.”

Nyanzala, aliyewaletea maziwa, alikuwa Msukuma. Wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka kaskazini kabla hajazaliwa, wakakaa Kasansa. Yeye aliolewa huku mjini na kila asubuhi alipita na baiskeli na madumu yake. Kawaida aliingia mpaka barazani, akamsalimia mama, akamtania kwamba amependeza na atapata mchumba. Asubuhi hiyo alisimama getini na baiskeli yake, mguu mmoja chini.

“Ingia basi,” Helena alisema.

“Dada Helena, nyie mna wageni?”

“Wageni gani saa kumi na mbili asubuhi?”

“Nimesikia mtu anatua mzigo.” Nyanzala alishusha sauti. “Hapo ukutani. Puu. Halafu akashusha pumzi kama mzee.”

“Labda ni mimi,” Helena alisema. “Mimi nashusha pumzi kutwa nzima.”

Nyanzala hakucheka. Alimpa dumu juu ya geti.

Ilikuwa Jumanne, saa saba mchana, wakati ambao hata kuku wa mtaani hujificha kivulini. Mama alikuwa barazani kwenye kiti chake, Helena anamlisha uji kwa kijiko. Kijiko cha tano kilikuwa hewani.

“Mmefika?” mama akauliza.

Kijiko kilianguka. Miezi minane. Miezi minane ya kunyoosha kidole, ya kutoa sauti isiyo na neno, ya daktari kusema tumwachie Mungu. Na sasa neno zima, safi, lenye mwanzo na mwisho.

Yeyote aliyewahi kuuguza atamwelewa Helena. Mgonjwa anaposema treni imechelewa, unasema ndiyo, imechelewa. Anaposema nifungie mbuzi, unasema nimefunga. Hubishi, huna nguvu ya kubisha. Akashika magoti ya mama, machozi yanamtoka.

“Tumefika, mama. Tumefika, tupo hapa.”

Mama aliangalia juu ya kichwa chake, kule mtaroni. Akashusha pumzi ndefu, ndefu kupita kifua chake kilivyokuwa. Kisha akatabasamu kwa pande zote mbili za mdomo.

Habari ilienea. Wanawake wa jumuiya walikuja wakaimba, wakamshukuru Bikira Maria. Danford alituma kwenye simu vile vimikono vilivyofumbatwa, vitano. Siku ya tatu mkono wa kushoto wa mama uliinuka wenyewe kutoka mapajani, ukashika ufagio uliokuwa umeegeshwa ukutani, ukaulaza nyuma ya shingo, mabegani, na mikono yote miwili ikaning'inia juu yake kama mchungaji anayeangalia mifugo mbali. Wanawake walipiga vigelegele. Helena alipiga pia, kidogo, kisha akaacha, kwa sababu mama yake alikuwa binti wa katekista na hajawahi kuchunga hata bata.

Mama alipiga mluzi. Alikataa uji, alikataa ugali, alitaka maziwa, na aliyataka yaliyoganda. Rozari akaisukuma pembeni kama mtu anayesukuma kitu kisicho chake. Aliongea kutwa nzima kwa sauti nzito, ya chini, kwa lugha ambayo nyumba ile haikuijua. Helena alipomwita “Mama,” hakugeuka. Kila kiungo kilichoamka kiliamka kwa mtu mwingine. Na alikuwa mzito. Mwanamke wa kilo arobaini na tano, ambaye Helena alimgeuza kitandani kwa mkono mmoja, sasa alihitaji kusukumwa kwa bega kama gunia la mpunga, na kila asubuhi nyayo zake zilikuwa na vumbi jekundu la kichuguu.

Jioni ya Ijumaa jua lilikuwa linazama na Helena alikuwa anafunga dirisha la chumba cha mama, kwa sababu ya mbu, aliposikia puu.

Hakukimbia. Alikuwa amechoka mno kukimbia. Alisimama tu na mkono kwenye komeo la dirisha akaangalia chini, kwenye mtaro, umbali wa mita moja na nusu, na bado palikuwa na mwanga wa kutosha kuona kila jani, na akaona vipando vya upande wa miguu vikilala, viwili, kisha vinne, visigino, na kisha udongo ukibonyea taratibu mahali pa magoti kama mtu anayejishusha kwa uangalifu kwa sababu viungo vinamuuma, na kisha mapaja, na kiuno, na mgongo mpana ukinyooka kidogo kidogo juu ya udongo laini, na harufu ya maziwa na moshi ikipanda mpaka ikamjaa puani, na mwisho, karibu kabisa na yale mawe matatu, shimo dogo la duara likajichimba lenyewe pale ambapo kichwa kingelala, likatulia, na kutoka humo, bila mdomo, ikatoka pumzi ya mtu ambaye ametembea kutoka mbali kuliko mtu anavyopaswa kutembea.

Nyuma yake, kitandani, chaga zililia. Mama alishusha pumzi ile ile, kwa wakati ule ule.

Helena alilala sebuleni kwenye kiti, taa inawaka, uso kwenye mlango wa mama. Kulipokucha alimsubiri Nyanzala nje ya geti, akamshika usukani wa baiskeli.

“Njoo unisikilizie anachosema.”

“Dada, mimi nina watoto.”

“Na mimi nina mama. Nyanzala, tafadhali. Hata dakika tano.”

Waliingia wameshikana. Mama alikuwa ameshajisukuma mwenyewe mpaka barazani, ufagio mabegani. Nyanzala alipiga magoti, akasalimia kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo ya binti mbele ya babu. Mama akajibu. Waliongea muda mrefu, na Helena akaona uso wa Nyanzala unapoteza damu.

“Anasemaje?”

“Ni mzee. Mwanaume.” Nyanzala alinong'ona bila kugeuka. “Anasema walikuwa wanashuka na ng'ombe, familia nzima. Akaumwa njiani. Hawakuweza kusimama, ng'ombe walitaka maji. Wakamlaza kwenye kichuguu, wakaweka mawe matatu wapajue mahali. Wakamwambia pumzika, tukifika tutarudi kukuchukua.”

“Na?”

“Na yupo hapo, dada. Alikufa akiwa anasubiri. Ng'ombe wakipita anauliza mmefika, watu wa mkaa wakipita anauliza mmefika. Hakuna aliyejibu. Siku hizi mpaka lori likipita anauliza.” Nyanzala akamgeukia Helena. “Anasema wewe ndiyo umejibu. Anauliza mbona mnamlaza nje, kama mmeshafika.”

Fabiani aliitwa. Alisimama kwenye ukoka na kofia mkononi, akayaangalia yale mawe kama ndiyo kwanza anayaona.

“Wewe ni mtu wa huku,” Helena alimwambia. “Mtu wa huku anaona mawe matatu juu ya kichuguu, anayapakia kwenye gari?”

“Nilijua ni watoto wamechezea, dada.”

“Ulijua au ulitaka iwe hivyo?”

Fabiani aliitazama kofia yake. “Ule udongo ulikuwa mzuri sana,” alisema. “Sijawahi kuona udongo kama ule.”

Wengine mtaani walikuwa na majina yao. Mwislamu wa duka la kona alisema jini. Mwenyekiti wa jumuiya alisema pepo mchafu, akashauri novena. Wote walisemea barabarani. Nyanzala peke yake ndiye aliyeleta mtu.

Masalu alikuja saa nane mchana kwa pikipiki, mwanaume mwembamba mwenye miwani ya kusomea na kitambulisho cha waganga wa tiba asili kilichoning'inia shingoni, amekilaminisha. Hakuwa na usinga wala shanga. Aliuzunguka mtaro, akapima kwa hatua, akagusa udongo, akanusa kidole. Akaenda barazani, akamwamkia aliyekuwa ndani ya mama, akakaa chini, wakaongea kama wazee wawili mnadani. Kisha akamvuta Helena pembeni.

“Huyu siwezi kumfukuza.”

“Nimeambiwa wewe ni bingwa.”

“Bingwa wa kufukuza aliyevamia. Huyu kakaribishwa.” Alivua miwani. “Tungeweza kumrudisha na udongo wake na mawe yake. Lakini umeshamwambia mmefika. Ukimrudisha kichuguuni sasa unakuwa umemtupa mara ya pili, na mtu aliyetupwa mara mbili hasikii tena la mganga. Atabaki humo ndani ya mama. Akishajinyoosha mpaka unyayo, mama hana pa kukaa.”

“Bado muda gani?”

“Mkono wa kushoto umeshaenda, mguu je?”

Helena aliangalia. Kidole gumba cha mguu wa kushoto wa mama kilikuwa kinapiga sakafu, taratibu, kama mtu anayesikiliza ngoma.

“Sema nifanye nini.”

“Mpe pa kulala. Si kitanda cha mtu, pake. Ule mtaro usipande kitu tena, usikanyage, usipitishe kiti. Mawe yakae kichwani. Kila jioni jua likizama, mtu wa nyumba hii aweke maziwa, aseme: tumefika, lala. Kila jioni. Ukikosa moja atarudi ndani kuuliza.”

“Mpaka lini?”

Masalu alivaa miwani tena. Lilikuwa swali ambalo hakulipenda. “Wewe una safari?”

Kwenye pochi ya Helena ndani kulikuwa na barua ya shule. Aripoti tarehe nane Januari, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Na Danford alikuwa bado anatulia.

“Hapana,” Helena alisema.

“Na jambo la mwisho. Hiyo njia waliyopita, hakulala mmoja tu. Mwingine yeyote akikuuliza, au akibisha hodi, usijibu. Nyamaza, hata kama ni aibu. Umenisikia, dada?”

“Nimesikia.”

Jioni hiyo Fabiani aling'oa vipando vyote vya mtaroni kwa mikono, kimoja kimoja, akaomba radhi kwa kila kimoja. Nyanzala alileta maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu cha mama yake. Jua lilipogusa bati Helena alichuchumaa kwenye mawe, akamimina, akasema maneno. Sauti yake haikutetemeka. Haikuwa na nguvu hata ya kutetemeka. Udongo ukabonyea kuanzia visigino, magoti, kiuno, mgongo. Pumzi ndefu. Barazani ufagio ukaanguka.

Mkono wa kushoto wa mama ulikuwa umerudi mapajani, umekunjamana, umekufa. Mdomo ulikuwa umeshuka upande mmoja. Jicho moja, la kulia, lilikuwa linamwangalia Helena na kumjua, na chozi lilikuwa linatelemka kutoka humo. Helena alimkumbatia. Alikuwa mwepesi tena. Hakuwa na neno hata moja.

Na ukweli, ambao Helena hakumwambia mtu, ni kwamba usiku ule aliikumbuka ile sauti. Hata kama haikuwa ya mama. Nyumba ilikuwa na mtu wa kuongea.

Mkrismasi ulichanua. Ukoka ulifunga vipara vyote, ukawa kijani kibichi, mnene, ukifika mpaka kwenye shina, na magurudumu yaliteleza juu ya mizizi iliyofunikwa kama Fabiani alivyoahidi. Waliotoka misa walisimama getini kusifia.

“Na hako kakipara pale dirishani?” waliuliza.

“Mzizi,” Helena alijibu. “Hapashiki.”

Tarehe nane Januari ikapita. Kila jioni aliweka maziwa. Alijifunza kusema lala kama mtu anavyosema usiku mwema kwa mpangaji. Akizidiwa na homa, aliweka na homa yake. Siku nyingine, Mungu amsamehe, alikaa pale pembeni baada ya ile pumzi, akashusha na yake, na ilikuwa kama kukaa na mtu anayeelewa kazi ilivyo.

Mwishoni mwa Januari aliweka maziwa, akasema maneno, udongo ukabonyea, na pumzi haikutoka. Badala yake alisikia sauti ya chini, kwa Kisukuma, ikiongea bila kukoma, na haikuelekea kwake. Ilielekea getini na barabara, kule njia ya Kasekese inakoanzia. Ilikuwa sauti ya mtu anayeita wenzake bila haraka, kwa furaha ya uchovu, kama anayewaambia walioko nyuma kwamba pameonekana.

Asubuhi palikuwa na kipara kingine. Kilikuwa karibu na cha kwanza, sambamba nacho, chembamba kidogo. Ukoka ulikuwa umelala chali, wa njano. Joto.

Jumatano vilikuwa vitatu. Ijumaa, sita, na kimoja kilikuwa kifupi, hakifiki urefu wa mkono wake. Helena alikaa mbele ya hicho kifupi mpaka uji ukaungua jikoni. Fabiani alikuja na jembe, akaangalia, akageuka bila kuingia. “Dada, hao siwezi kuwapandia ukoka,” alisema, na hakurudi. Karibu na shina kulikuwa na vipara vingine, vipana, vya duara, na harufu ya ng'ombe ilikuwa nzito mpaka majirani wakaanza kumuuliza kama amefuga.

Helena alimpigia Masalu simu, akapokea papo hapo.

“Umejibu mtu?”

“Sijajibu.”

“Basi hao wanazunguka tu, wanalala wanapopaona, hawajaingia. Usijibu. Watapita.”

“Ni wengi, Masalu.”

“Usijibu,” akasema, na mtandao ukakata.

Jumapili jua linazama Helena alimleta mama barazani ili asimwache peke yake ndani. Aliweka maziwa, akasema maneno, akarudi kufunga geti. Alikuwa ameshika komeo aliposikia, upande wa pili wa bati la geti, mizigo ikitua. Puu. Puu. Puu. Mingi, mmoja baada ya mwingine, mikubwa na midogo, na pumzi nyingi zikishushwa kwa pamoja, na kwato zikisimama, na mtoto akikohoa, na chini ya geti, kwenye uwazi wa vidole vinne, vumbi jekundu likiingia polepole bila upepo.

“Hodi,” wakasema.

Walisema kwa Kiswahili, taratibu, kwa adabu, kama watu wanaojua kwamba jibu la neno hilo ni moja. Hakuna aliyewahi kubisha hodi kwenye geti la mzee Celestin akanyamaziwa. Helena aliuma mdomo wake mpaka akaonja damu. Alishika komeo kwa mikono miwili. Walikuwa wamechoka, hilo ndilo lililomuumiza, alisikia walivyochoka, aliujua uchovu ule mfupa kwa mfupa, na bado alinyamaza.

“Hodi.”

Alinyamaza.

“Hodi jamani wenyewe.”

Nyuma yake, barazani, kiti cha magurudumu kililia. Helena aligeuka. Mama alikuwa ameinama mbele, mkono wa kulia umenyooka kuelekea getini, jicho lake zuri linang'aa kwa juhudi, na upande ule mmoja wa mdomo uliobaki ulikuwa unatafuta, unatafuta, kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Ilikuwa sauti yake kabisa, ile ya zamani, sauti iliyopokea wageni wa nyumba hii kwa miaka thelathini na ambayo Helena alikuwa ameiombea tangu mwezi wa tatu.

“Karibuni,” mama akasema.